Severance: nimeitukana, nimeirudia

Severance ni tamthilia ya televisheni ya Kimarekani. Mara ya kwanza niliizima. Ya pili pia. Na bado hadi leo sijui kama naipenda au naifuatilia kwa hasira tu.

Hapa Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, nafanya kazi kwa wakala wa forodha. Kutwa naingiza namba za makontena kwenye kompyuta, na nje malori yamepanga foleni isiyosogea. Jioni moja nikapita laibrari ya filamu kutafuta kitu cha kunisahaulisha namba. Kijana akanijazia flashi: "Mzee, hii moto wa kuotea mbali." Nafika nyumbani, nawasha, naona nini? Watu wanne kwenye chumba kikubwa chenye zulia la kijani, wanachagua namba kwenye kompyuta! Yaani nimetoka kazini, nimelipa hela kutazama kazini.

Hao wametiwa kidude kichwani: wakiingia ofisini kwa lifti wanasahau nyumbani, wakitoka wanasahau ofisi. Wazo kali, sikatai. Kuna siku ningelipia nitiwe mimi. Lakini mwendo wake! Mark, yule mhusika mkuu, anatoka kwenye meza yake, korido nyeupe, kona, korido nyeupe, kona. Unakwenda kuinjika chai, unarudi, bado anakata kona.

Tena nilipewa ile iliyotafsiriwa. VJ wetu, yule anayetafsiri na kusimulia juu ya sauti ya filamu, amezoea ngumi na risasi, kimya kinamwasha. Pale Mark yuko peke yake ndani ya gari, analia kabla ya kuingia kazini, kipande kisichotaka hata neno moja, jamaa akadakia kwa Kiganda kwamba huyu bwana anadaiwa kodi ya nyumba. Kodi ya wapi? Mtu amefiwa na mke!

Nikarudi laibrari kuomba isiyo na VJ. Kijana hakuinua hata macho kwenye simu yake. "Mzee, hiyo bila VJ utalala." Wateja wawili wakacheka. Nilale mimi? Mtu mzima, nimelipa, nachekwa mbele za watu kwa sababu ya flashi! Nikaichukua, nikaondoka bila kuaga.

Nililala. Sehemu ya pili tu, kitini, na viatu miguuni.

Ila nikang'ang'ana, maana sikutaka yule kijana ashinde. Nikafika pale wanapofungua mlango humo humo ofisini, wanamkuta mtu ananyonyesha vitoto vya mbuzi kwa chupa. Mbuzi! Hakuna anayeeleza kitu. Hapo nilimkumbuka VJ, angalau yeye angeuliza mbuzi wa nani.

Halafu sehemu ya mwisho. Sijui walifanyaje, mambo yote yaliyokuwa yakitambaa yakaanza kukimbia, nikajikuta nimesimama. Mark anapiga kelele neno lake, skrini nyeusi. Nikadhani umeme umekatika. Natazama juu, taa inawaka. Nilitukana matusi ambayo Mama Sharifa hajawahi kuyasikia kwangu. Hiyo ilikuwa 2022. Msimu wa pili umekuja 2025. Mtoto aliyekuwa anatambaa sebuleni sasa anavaa yunifomu.

Ule wa pili unaanza na Mark anakimbia kwenye korido zile zile. Nyeupe, kona, nyeupe, kona. Maziwa yakafurika jikoni, nikaitwa mara tatu, sikusogea.

Kesho yake nikapita kwa yule kijana kuuliza kama VJ ameshaitafsiri.