Fundi wa umeme wa boti, Mwaloni Kirumba

Mwenye boti ambaye redio yake hutoa mlio unaopanda kadiri injini inavyoongezwa mwendo ampelekee fundi huyu wa Mwanza. Hakukimbilia kuniuzia kichujio cha kuzuia mlio. Kwanza alichomoa nyaya za sauti kwenye amplifaya (kikuza sauti), na mlio ulipokatika akajua kwamba unapitia humo, kwa sababu redio na amplifaya zilikuwa zimeungwa hasi mahali pawili tofauti. Alizirudisha zote kwenye hasi ya betri ya volti 12, kisha akazitenga nyaya za sauti na zile za altaneta, yaani jenereta ya injini inayochaji betri. Subira hiyo ya kutafuta chanzo ndiyo ninayoithamini zaidi. Mkwaruzo mdogo husikika bado taa za LED za kuvulia dagaa zikiwashwa, jambo alilonieleza mapema. Bei ni ya haki.