Tovuti ya matokeo ya NECTA kwa mzazi anayetafuta sekondari

Ukitaka kujua shule inafundisha au inachuja tu, hakuna chombo cha bure Tanzania kinachoizidi tovuti ya Baraza la Mitihani, necta.go.tz. Haikutengenezwa kwa kazi hiyo, maana ilikusudiwa mtahiniwa aone alama zake, na ndiyo sababu mzazi hulazimika kuzisoma takwimu zake kwa namna ambayo ukurasa wenyewe haumwelekezi.

Kuingia ni rahisi. Fungua sehemu ya matokeo, chagua mtihani (SFNA ni darasa la nne, PSLE la saba, FTNA kidato cha pili, CSEE cha nne, ACSEE cha sita), kisha mwaka, kisha shule kwenye orodha ya herufi. Kurasa ni nyepesi: maandishi na majedwali matupu, kwa hiyo hata simu ndogo yenye bando la mwisho wa mwezi inazifungua. Siku matokeo yanapotangazwa tovuti huelemewa, lakini anayechagua shule hana haraka hiyo. Asubiri wiki moja. Aepuke pia kurasa za matangazo zinazonakili matokeo, kwani nyingine huonyesha mwaka usio sahihi. Anwani ya kweli huishia na .go.tz.

Kabla ya yote, andika namba ya kituo cha shule. Majina ya shule yanafanana mno, hasa yale ya watakatifu na ya viongozi, na shule nyingine hubadilisha jina. Namba inayoanza na S ni ya shule, inayoanza na P ni ya kituo cha watahiniwa wa kujitegemea. Tofauti hiyo ina uzito wake. Shule inayotaka kulinda jina inaweza kumsajili mwanafunzi dhaifu kama mtahiniwa wa kujitegemea, na alama zake zisihesabiwe kwenye ukurasa wa shule. Ukikuta shule ya bweni yenye wanafunzi wengi ina watahiniwa wachache kwenye S, tafuta na P yake.

Juu ya ukurasa wa kidato cha nne kuna muhtasari wa madaraja. Kila mtahiniwa huhesabiwa masomo saba aliyofanya vizuri zaidi: A ni pointi 1, B 2, C 3, D 4, F 5. Pointi 7 hadi 17 ni daraja la kwanza, 18 hadi 21 la pili, 22 hadi 25 la tatu, 26 hadi 33 la nne, na zaidi ya hapo ni sifuri. Hapa ndipo mabango ya barabarani yanapowapoteza wazazi. "Ufaulu asilimia 100" huhesabu na daraja la nne, wakati anayetaka kidato cha tano anatakiwa asizidi pointi 25 na awe na angalau C tatu. Kitaifa, kwenye mtihani wa 2024 waliofaulu walikuwa asilimia 92.37, ila waliopata daraja la kwanza hadi la tatu walikuwa takriban asilimia 43. Kwa hiyo jumlisha I, II na III, gawanya kwa waliofanya mtihani, na hiyo ndiyo asilimia ya kulinganisha shule na shule.

Hata hiyo haitoshi, kwa kuwa inapima waliobaki. Kazi kubwa, na yenye faida kuliko zote, ni kufungua kurasa mbili za kundi moja la wanafunzi: FTNA ya 2022 pamoja na CSEE ya 2024, FTNA ya 2021 pamoja na CSEE ya 2023, na kuendelea. Chukua shule mbili za mfano, namba ni za kubuni. Shule ya kwanza ni ya binafsi. Kidato cha pili walifanya mtihani 110: daraja la kwanza 22, la pili 25, la tatu 28, la nne 30, sifuri 5. Miaka miwili baadaye wamefanya 71: 34, 20, 11, 6, na sifuri hakuna. Bango litasema asilimia 100, na hata kwa kipimo chetu cha I hadi III inapata 65 kati ya 71, yaani asilimia 92. Lakini watoto 39 wamekwenda wapi? Kidato cha pili waliokuwa kwenye madaraja hayo matatu walikuwa 75, sasa ni 65. Shule hii haikumwinua aliyekuwa chini, bali ilimwondoa.

Shule ya pili ni ya kata. Kidato cha pili 140: 6, 14, 22, 78, sifuri 20. Kidato cha nne 118: 14, 21, 25, 52, sifuri 6. Asilimia yake ni 51 tu, na hakuna atakayeiwekea bango. Ila walioanza 42 kwenye madaraja matatu ya juu wamekuwa 60. Walimu wa hapo wanafundisha. Mtoto wa wastani, yule wa C na D, ana nafasi nzuri zaidi hapa kuliko kule alikotozwa mamilioni.

Usiikatie shule hukumu kwa pengo dogo. Aliyeshindwa kidato cha pili hukariri, wengine huhama na wazazi, na katika shule za kata utoro hupunguza darasa. Pengo la watoto watano hadi kumi kwa mia si ajabu. Likifika thelathini kwa mia, tena miaka mitatu mfululizo na katika shule ya bweni ambako utoro ni mgumu, jina lake ni mchujo. Serikali imekataza mara nyingi kumkaririsha au kumwondoa mwanafunzi kwa sababu hakufikia wastani wa shule, lakini shule humwita mzazi ofisini na kumshauri "amtafutie sehemu nyingine", na uhamisho unaandikwa kama ombi la mzazi.

Baada ya hapo shuka hadi jedwali la masomo, ambalo wengi hawalifikii. Kwenye safu ya REG utaona waliosajiliwa, kwenye SAT waliofanya. Angalia Fizikia na Kemia: shule ikiwa na watahiniwa 90 na waliofanya Fizikia ni 12, ndoto ya udaktari ya mwanao itakuwa ngumu hapo, hata kama GPA (wastani wa pointi) ya Fizikia inang'aa. Inang'aa kwa sababu wamebaki wale 12. Hisabati ndiyo kipimo changu cha kwanza, kwa kuwa hufanywa na wote na haina pa kujificha. Kumbuka GPA hapa huenda kinyume cha chuo kikuu: 1 ni bora, 5 ni mbaya. Wazazi wengi huisoma kichwa chini miguu juu.

Kasoro za tovuti ni za kweli. Majedwali ya sekondari ni ya Kiingereza na vifupisho vyake havielezwi popote kwenye ukurasa. Hakuna namna ya kuweka shule mbili, au miaka mitatu ya shule moja, kwenye ukurasa mmoja, kwa hiyo daftari na kalamu ni lazima. Tangu 2023 Baraza limeacha pia kutangaza shule kumi bora. Uamuzi huo naukubali kabisa, maana orodha ile ilikuwa tangazo la bure kwa shule zinazochagua wanafunzi kwa usaili. Hata shule za serikali kama Ilboru, Kibaha au Msalato huchukua waliofaulu sana darasa la saba, hivyo kuzifananisha na shule ya kata hakumsaidii mzazi. Lakini orodha ilipoondolewa haikuwekwa takwimu ya maendeleo ya wanafunzi kutoka kidato cha pili hadi cha nne, na Baraza lenyewe ndilo lenye namba zote za kuikokotoa. Wanafunzi wana namba za PREM (mfumo wa kumbukumbu za wanafunzi) zinazowafuata kutoka shule ya msingi, kwa hiyo njia ya kuwafuatilia ipo.

Kwa Zanzibar, mbinu ya kurasa mbili haifanyi kazi: kidato cha pili husimamiwa na Baraza la Mitihani la Zanzibar, na NECTA ina cha nne na cha sita tu.

Gharama hutazikuta hapa. Ada ya shule za serikali ilifutwa hadi kidato cha nne kuanzia 2016, na kidato cha tano na sita kuanzia 2022, lakini sare, chakula cha mchana na michango iliyokubaliwa bado vipo. Kwa shule binafsi, omba muundo wa ada wa miaka yote minne, si wa mwaka wa kwanza pekee, pamoja na orodha ya mahitaji ya bweni. Usajili wa shule ulizie ofisi ya Uthibiti Ubora wa Shule ya wilaya kabla hujalipa hata fomu.

Ukienda kumwona mkuu wa shule, nenda na namba zako mbili, za kidato cha pili na cha nne za kundi lile lile. Muulize kwa adabu: wastani wa kuendelea na masomo hapa ni ngapi, na mwanafunzi asiyeufikia hufanyiwa nini? Mkuu mzuri atakueleza masomo ya jioni, mwalimu anayesimamia wanaosuasua, na idadi ya waliopanda. Akikwambia kwamba shule yake "haina wanafunzi wa aina hiyo", rudi kwenye daftari uangalie pengo.