Mafaili makubwa ukiwa Mbeya: kipi ulipie, kipi utumie bure, kipi uachane nacho

Wakuu, vijana wa video za send-off na kipaimara mnauliza sana mafaili makubwa muyaweke wapi mtandaoni na muyatume vipi kwa wateja, na wengi mnaanzia kwenye bei ya giga. Mi naona anzia kwenye bando. Kuweka sio kazi, kupandisha mtandaoni (upload) ndo shughuli: video ya giga 10 kwa laini inayopandisha megabiti 4 kwa sekunde inakula kama saa tano na nusu, hapo umeme haujakata na mtandao haujayumba. Kwa hiyo tafuta huduma inayoendelea pale ilipoishia.

Namba moja: Google One ya giga 100, yaani nafasi ya kulipia ya kuhifadhi vitu mtandaoni kwa Google. Sababu kubwa ni mteja mwenyewe, mama wa bibi harusi kule Tukuyu simu yake ya Android tayari ina Gmail, unamtupia linki WhatsApp anagusa anaangalia, hakuna cha kumfundisha kujisajili wala nini. Bure wanakupa giga 15 ila Gmail, picha na Drive (sehemu ya kuweka mafaili) zote zinakula humo humo, na tangu Juni 2021 hata zile picha ambazo zamani hazikuhesabiwa zinahesabiwa, ndo maana inakwambia imejaa na wewe unashangaa. Marekani wanalipa dola 1.99 kwa mwezi, bei ya huku icheki kwenye simu yako kabla hujabonyeza. Unaweza kuingiza wengine watano kwenye kundi lako, kwa hiyo studio ya watu watatu pale Mwanjelwa mnachanga tu. Kwenye laptop weka programu yenyewe ya Drive, brauza ukiifunga kwa bahati mbaya imekula kwako.

Namba mbili: Telegram, bure kabisa. Faili moja mpaka giga 2, ukilipia Premium giga 4. Tuma kama faili na sio kama video, la sivyo inabanwa na sura ya bwana harusi inakuwa viboksi. Ila hapa ni pa kupitishia mizigo, sio ghala, akaunti isipoguswa muda mrefu inajifuta yenyewe.

Tatu MEGA, nayo ni hifadhi ya mtandaoni, giga 20 za bure, siri yako inalindwa vizuri mno, yaani ukisahau nywila na ufunguo wa akiba huna basi tena. Mteja wako asiyelipia nae akipakua sana anasimamishwa asubiri, na hapo ndo atakupigia simu mpaka uchoke.

Microsoft 365 Personal inakupa tera 1 pamoja na Word na Excel, inawafaa zaidi wenye ofisi. Dropbox, hifadhi nyingine ya mtandaoni, giga 2 za bure, za nini sasa. WeTransfer ni ya kutuma tu, linki inakufa baada ya siku chache.

Halafu kuna eksteno, ile hard disk ya nje ya kuchomeka, unaituma kwa basi, wasomi mnaidharau. Giga 200 kwa laini ile ile ni siku nne na nusu mfululizo, basi la Dar linafika ndani ya siku moja. Iformati kwa mfumo wa exFAT, maana ule wa FAT32 haupokei faili linalozidi giga 4, ifunge vizuri kwenye sponji, andika namba ya mpokeaji kubwa, risiti ya mzigo usiitupe. Na kwako usifute kitu mpaka mteja akupigie akwambie kafungua na zinacheza mpaka mwisho.