"Ikijaa imejaa": uzoefu wangu na fundi wa kusuka koili

Naandika hasira hazijanitoka, atakayeona nimezidisha anisamehe. Ukiwa na feni iliyoungua, mpelekee fundi huyu bila wasiwasi. Ukiwa na kitu kinachotaka kuhesabiwa, pita mbali.

Mimi ni mpiga fidla wa taarab hapa mjini Unguja, na kwa muda sasa nimeshikwa na wazimu wa kujitengenezea theremini. Ni kile chombo alichokibuni Mrusi Leon Theremin zaidi ya miaka 100 iliyopita, kinachopigwa bila kuguswa: mkono mmoja mbele ya antena iliyosimama unapandisha na kushusha noti, wa pili juu ya antena ya kitanzi unakuza na kufifisha sauti. Naiga ile ya kampuni ya RCA ya mwaka 1929, ila yangu ya transista, maana valvu, zile taa za redio za kizamani, nitazitoa wapi? Kabla ya antena ya noti pana koili kubwa, na hiyo ndiyo inayozitandaza noti hewani. Ikipungua, zote zinarundikana karibu na antena na vidole havina pa kupita.

Nikampelekea kipande cha bomba la maji, waya wa shaba, na karatasi: mizunguko 400, isipandane. Hata hakuisoma. "Hesabu ya nini, yakhe? Ikijaa imejaa." Kisha akawageukia wateja: "Huyu anatengeneza redio ya majini." Wakacheka. Nami nikacheka, mjinga mimi, na nikalipa.

Nyumbani chombo kikawa kinalia kama mbuzi aliyefungiwa. Noti tatu nzima zimebanana kwenye upana wa kidole, na mtu akipita ukumbini sauti inakimbia. Usiku nikaifumua koili, nahesabu kwa mdomo huku waya unanikata vidole. 312! Nikairudishia mwenyewe, ikawa mbovu zaidi ya yake.

Asubuhi nikambebea kila kitu, nimejaa maneno. Koili hakuitazama. Aliweka kidole kwenye bati la chini, na yule mbuzi akanyamaza. Ikabaki sauti moja, imetulia. "Huna ethi," akasema, yaani waya wa kwenda ardhini, akaendelea na feni yake.

Sasa hapo niseme nini? Maneno yote yaliniishia mdomoni. Lakini mizunguko 88 iliyopungua, je? Akataka shilingi 15,000 za kusuka upya. Kwa kosa lake! Nikaondoka bila kuaga.

Nikapigilia nondo uani, karibu na karo ambako udongo haukauki, nikavuta waya hadi kwenye bati. Noti bado zimebanana, ila jioni ile kwa mara ya kwanza niliteleza kutoka noti hadi noti kama navuta upinde, nikagusa kipande cha bashrafu, ule muziki wa taarab usio na maneno. Mke wangu akatoka jikoni kuuliza nani analia.

Nilitaka kumpa nyota moja. Haya, mbili. Tatu, kwa ajili ya kile kidole, na moja naikata tena kwa kunifanya nichekwe na watu. Mizunguko 88 bado namdai. Koili nimeitia kwenye kikapu, kikapu kiko mlangoni tangu juzi, na njia ya sokoni inapita kwake.