Mfuko gani ununue kwa ajili ya duka lako Dodoma: kuanzia unaofaa zaidi hadi wa kukwepa

Tangu Juni 1, 2019 rambo, yaani mfuko wa plastiki wa kubebea, ni marufuku Tanzania, na sheria inambana zaidi mfanyabiashara. Anayeuza faini yake ni shilingi 100,000 hadi 500,000, au kifungo kisichozidi miezi mitatu. Anayehifadhi au kusambaza anaanzia milioni 5 hadi 50. Hata mteja aliyelibeba ana faini yake, 30,000 hadi 200,000. Wenye maduka wengi wa Majengo, Sabasaba na Nzuguni wameshaliacha rambo. Wanakokwama sasa ni kwenye mfuko mbadala wenyewe, maana mingine hukatika mkono kabla mteja hajafika kituo cha daladala.

1. Mfuko usiofumwa wa GSM 70

Kwa duka la vyakula, nguo au vifaa vidogo vya ujenzi, anza na huu, unaofanana na kitambaa lakini nyuzi zake zimegandamizwa pamoja bila kufumwa. GSM 70 maana yake ni kwamba mita moja ya mraba ya kitambaa chake ina uzito wa gramu 70. Muuzaji wa jumla anaweza kukuambia "hii ni sabini" huku akikukabidhi ya 40, kwa hiyo pima mwenyewe kabla ya kulipia. Chukua mfuko mmoja katikati ya bando. Kata vipande 10 vya mraba, kila upande sentimita 10, ukikwepa mishono na mikono. Viweke vyote pamoja kwenye mizani inayosoma gramu moja moja. Vikifika gramu 7, ni sabini kweli. Vikisoma 4 au 5, mrudishie bando lake.

Kisha tia kilo 5 za sukari kwenye mfuko mwingine, utundike kwenye msumari kwa saa moja, halafu unyanyue na kuutikisa. Mkono uliogandishwa kwa joto huchanika pembeni mwa gandisho, kwa sababu joto limekidhoofisha kitambaa hapo. Ulioshonwa kwa uzi, mshono ukikatiza kama alama ya X, huvumilia zaidi. Soma pia maandishi: jina la mtengenezaji, uzito unaoweza kubebwa na alama ya TBS (Shirika la Viwango Tanzania). Usio na jina usinunue hata kwa bei ya kutupa. Dai risiti ya EFD (mashine ya kielektroniki ya kodi) na uitunze dukani, maana mkaguzi akiuliza mzigo ulitoka wapi, hilo ndilo jibu lako.

Usiitundike mifuko hii nje mlangoni kama pambo. Kitambaa hicho ni polipropilini, na jua la Dodoma hukifanya kikavu hadi kinapukutika unga ukikikwaruza kwa ukucha. Tundika mitano, mingine iwe kivulini.

2. Mfuko wa kaki (karatasi ya kahawia)

Duka la dawa, mkate, maandazi makavu, vipodozi: hapa kaki inaushinda hata huo wa kwanza. Chagua wenye kitako bapa kilichokunjwa mara mbili. Kwa zabibu usiutumie peke yake. Tunda moja likipasuka, gundi ya kitako hulegea na kilo nzima inamwagika barabarani. Adui mwingine ni mchwa. Weka mabando juu ya chaga, yasiguse sakafu wala ukuta.

3. Kikapu au mfuko wa turubai

Ni ghali kwa wewe kugawa bure, lakini ukiwa navyo vichache vya kuuza, mteja wa mboga atanunua kimoja na kurudi nacho miezi mingi. Kwa nyama na samaki, mhimize mteja aje na chombo chenye mfuniko, kwa kuwa mfuko usiofumwa hupitisha maji na damu.

4. Kifungashio cha nailoni angavu

Hiki ndicho kinachowaponza wengi. Sheria inaruhusu vifungashio vya plastiki kwa dawa, bidhaa za viwandani, kilimo, usindikaji wa vyakula, ujenzi na usafi. Karanga zilizopimwa na kufungwa kabisa kiwandani hazina tatizo. Ila ukichukua kifungashio kitupu ukamtilia mteja nyanya na vitunguu abebe, umekigeuza kuwa mfuko wa kubebea, na Aprili 2021 Serikali ilizuia matumizi hayo waziwazi. Usikiweke kabisa kaunta ya malipo.

Kuhusu kiasi: duka lenye wateja 40 wa mifuko kwa siku, siku 26 kwa mwezi, hutumia 1,040. Agiza midogo 600, ya kati 300, mikubwa 140, kisha rekebisha mwezi wa pili kufuatana na iliyobaki. Ukiagiza saizi moja tu, utajikuta unatoa mfuko mkubwa kwa kiberiti na sabuni, na hiyo ni hasara.