Hausingi ya thamostati ya alumini badala ya plastiki: uzoefu wangu

Hausingi ya thamostati, yaani kasha linaloshika mlango mdogo unaofunguka na kujifunga kulingana na joto la injini, iliyokuja na gari langu ilikuwa ya plastiki, na kama plastiki nyingi zinazoishi jirani na injini, ilikufa taratibu. Haikupasuka ghafla. Kulanti, yaani maji ya kupoozea injini, ilikuwa inapungua kidogo kidogo kwenye chupa ya akiba, chini ya gari pakavu kabisa, na kila niliyemsimulia alinitajia hedi gasketi, ile inayoziba kati ya hedi (sehemu ya juu ya injini) na bloku. Dalili ya kweli ilikuwa harufu tamutamu baada ya kuzima injini, pamoja na utando mweupe uliokauka pale hausingi inapokutana na injini. Tone likitoka pale linaangukia chuma cha moto na kukauka papo hapo, ndiyo maana chini huoni kitu.

Fundi alifunga pampu ya kupimia presha kwenye mdomo wa rejeta injini ikiwa baridi, akapandisha hadi presha iliyoandikwa kwenye kifuniko, kama baa 1 hivi. Tone likajitokeza lenyewe. Ukiambiwa ufungue hedi kabla ya kipimo hiki kufanyika, kidai kwanza.

Tulipoitoa ile ya zamani, shingo inayovaa mpira wa rejeta ilimeguka mkononi kama biskuti. Ni nailoni iliyochanganywa na nyuzi za kioo, ngumu ikiwa mpya, lakini kupata moto na kupoa kila siku huku imebeba presha huifanya iwe kavu na dhaifu. Sehemu ya kukaa oringi, ile pete ya mpira ya kuzuia uvujaji, nayo ilikuwa imepinda, kwa hiyo kubadilisha oringi peke yake kusingesaidia.

Nikanunua seti ya alumini isiyo ya kiwanda kilichotengeneza gari: hausingi, thamostati, gasketi na bolti. Hausingi yenyewe naisifu. Uso wa kukutana na injini umechongwa vizuri. Niliulaza juu ya kioo bapa na haukuyumba. Shingo ina ule ukingo wa kuzuia mpira usichomoke, na matundu ya bolti yalikaa sawa bila kulazimisha. Ndani kulikuwa na mabaki madogo ya kalibu, nikayasugua kwa msasa na kuisuuza vizuri kabla ya kufunga. Usiyapuuze, maana yakikatika safari yao inaishia kwenye rejeta.

Vingine vilivyomo kwenye seti ndivyo vilivyoniudhi. Gasketi ilikuwa ya karatasi nyembamba wakati hausingi ina mfereji wa oringi. Sijui ni nani aliyeona viwili hivyo vinaoana. Thamostati nayo ilikuwa imepigwa mhuri wa nyuzi 82, na gari langu linataka 88. Tofauti hiyo inaonekana ndogo, lakini injini za kisasa zimepangiwa mafuta na hewa kwa joto maalumu. Ikikaa baridi kupita ilivyopangwa, inakunywa mafuta zaidi, hita inakuwa vuguvugu, na baadhi ya magari huwasha taa ya injini kwa msimbo P0128, maana yake kulanti haifikii joto linalotakiwa.

Nikatafuta thamostati yenye nyuzi sahihi, nikaijaribu kabla ya kuifunga. Unaitundika kwa uzi ndani ya sufuria ya maji isiguse chuma, unaweka kipimajoto, unapasha polepole. Yangu ilianza kufunguka karibu na namba ya mhuri, ikaendelea kufunguka kadiri joto lilivyopanda, na maji yalipopoa ikajifunga. Kinachofanya kazi ni nta iliyomo ndani: ikiyeyuka inatanuka na kusukuma mlango, ikipoa springi inaurudisha. Isiyofunguka kabisa itafanya gari lichemshe, na isiyojifunga italiacha baridi daima. Kwa hiyo wanaoshauri kuitoa thamostati moja kwa moja ili gari "lisichemshe" mimi siwasikilizi. Wanatibu kipimo cha joto, si injini.

Katika kufunga, kazi kubwa ni usafi wa uso wa injini. Tulikwangua mabaki kwa kibanzi cha plastiki, kwa kuwa cha chuma huacha mikwaruzo kwenye alumini, na mkwaruzo mmoja unatosha kupitisha maji. Kwenye injini yangu springi inaelekea ndani, na kile kipini kidogo cha kupitishia hewa kinakaa juu kabisa. Oringi ilipakwa kulanti kidogo tu ili iteleze. Silikoni ya kuzibia hapana. Mahali pa oringi haina kazi, na ile inayominywa kwa ndani hukatika vipande na kuziba njia nyembamba za rejeta. Bolti zangu ni za milimita 6. Zilikazwa kwa zamu, kwa spana ya kipimo cha nguvu ya kukaza, kwa Nm 10 kama kitabu cha gari kinavyosema. Mkono wenye hasira hung'oa nyuzi za bolti kwenye hedi, na hapo unaanza ukarabati mwingine kabisa.

Kutoa hewa kulichukua muda kuliko kufunga. Hita iliwekwa kwenye joto la mwisho, injini ikaunguruma huku tukiongeza kulanti na kubonyeza mpira wa juu. Mpira huo ulikaa baridi, kisha ukapata moto kwa ghafla: thamostati imefunguka. Tuliangalia kiwango tena injini ilipopoa kabisa, tukaongeza kidogo. Usifungue kifuniko cha rejeta injini ikiwa ya moto. Maji yaliyobanwa na presha yanaruka yakiwa yamepita nyuzi 100.

Jambo ambalo wauzaji wa alumini hawalisemi kwa sauti: haipasuki, lakini inaliwa. Ukijaza maji matupu, hasa ya chumvi, uso wake unatoboka vishimo pale pale oringi inapokaa, na utavuja kama waliobaki na plastiki. Mimi natumia kulanti ya aina iliyotajwa kwenye kitabu, nusu kwa nusu na maji yaliyosafishwa, na siichagui kwa rangi kwa sababu rangi hailingani kati ya watengenezaji. Kila nikifungua boneti napitisha tochi kwenye kiungo kutafuta utando mweupe, na nabinya mpira kwenye klipu kuona kama umekuwa mgumu.

Tangu ifungwe, kiwango kwenye chupa hakijashuka na mshale wa joto unasimama palepale hata kwenye mlima. Hausingi naipa nyota tano, seti nzima naipa tatu. Nikihitaji tena nitanunua hausingi peke yake, na thamostati na oringi nitazitafuta kwa namba za gari.