Taa ya kukuzia mimea ndani: miezi mitano na pilipili zangu

Nianze na hukumu kabisa, maana wengi husoma mistari ya mwanzo wakaondoka: taa yenyewe ni nzuri, boksi lake ndilo la uongo.

Boksi limeandikwa wati 1000, na pembeni pana mchoro wa miche tisa iliyonawiri chini ya taa moja. Nilipoichomeka kwenye kipima umeme ilisoma wati 104. Hilo nililitarajia, taa nyingi za aina hii zinauzwa kwa namba za kupendeza. Kilichonikosesha usingizi ni ule mchoro, kwa sababu mimi nina vyungu vitatu tu vya pilipili mbuzi na bado vilinishinda.

Wiki ya saba matumba yakaanza. Mche wa katikati ulijaa, kila panda ina tumba, kwingine matatu matatu. Miwili ya pembeni ilirefuka, ikawa myembamba, ikainamia katikati kama watu wanaochungulia dirishani, na matumba yake ni ya kuhesabu. Hata ule wa katikati nao ulikuwa na mambo mawili kwa wakati mmoja. Juu matumba manono. Chini vitumba vya ukubwa wa punje ya mtama vilivyokaa vile vile siku kumi, halafu kikonyo kikaanza kugeuka njano pale kinaposhikana na tawi. Ukikigusa kwa ncha ya kidole, kimeshadondoka.

Nikalaumu chakula. Nikaiongezea miche mbolea ile ile ya kukuzia majani niliyokuwa natumia tangu ikiwa michanga, yenye naitrojeni nyingi. Majani yakapanuka, yakaiva kijani hadi yakakaribia weusi, na matumba yakazidi kupukutika. Pilipili ikishiba naitrojeni huendelea kujenga majani tu, habari ya kuzaa inaisahau. Wiki mbili zilienda hivyo. Kisha nikashusha taa hadi sentimita 20, nikidhani inahitaji kusogea karibu. Majani ya juu ya mche wa katikati yakapauka, na ile ya pembeni haikujua hata kama kuna kilichobadilika.

Ndipo nikapakua programu ya bure ya kupima mwanga kwenye simu. Inasoma kwa laksi, kipimo cha mwanga kwa jicho la binadamu, si kwa jani, na simu si kifaa cha maabara, hilo nalijua. Ila kulinganisha sehemu mbili chini ya taa ile ile inatosha. Taa ikiwa sentimita 40 juu, katikati ilisoma 36,000. Nikaisogeza simu nusu mita hadi chungu cha kushoto: 11,000. Nikaishusha kwenye matawi ya chini ya mche wa katikati, kivulini mwa majani yake mwenyewe: 4,000 na ushei. Nikabaki nimechuchumaa pale najicheka. Matumba yalikuwa yamenichorea ramani ya mwanga tangu siku ya kwanza, na mimi nahangaika na chupa ya mbolea.

Sababu si ubovu wa kifaa. Taa hii ni bapa, vitaa vyake vimepangwa kwa nafasi sawa. Mahali pa katikati panamulikwa na vitaa vya pande zote, pembeni panabaki na vya upande mmoja, tena kwa mbali. Watengenezaji wengine huvisongamanisha vitaa kwenye kingo ili kusawazisha. Huyu hakufanya hivyo, na mchoro wake wa miche tisa haukusema.

Niliipandisha taa hadi sentimita 50, katikati pakapungua kidogo na pembeni pakapata afadhali. Nikasimamisha mbao nyeupe pande tatu, na hizo peke yake zilikipandisha chungu cha kushoto hadi 17,000, jambo ambalo sikulitegemea kutoka kwa mbao zilizokuwa zimelala stoo. Mche wa katikati nikaukata ncha mbili zilizokuwa zinajifanya bosi, matawi marefu nikayavuta kwa uzi hadi yakalala, mwanga ukapenya chini. Kila nikimwagilia nageuza vyungu robo mzunguko na kubadilishana nafasi. Mbolea nikahamia ya maua, nusu kipimo. Taima ya kuwasha na kuzima taa nikaiacha saa 14 kwa siku.

Matawi ya chini kabisa nimeyakata. Inauma, lakini vitumba vile visingefika popote.

Baada ya wiki tatu hivi matumba mapya yalikuwa yanakaribiana kwenye miche yote mitatu. Hayalingani, yanakaribiana. Feni ndogo ndiyo inayoyatikisa maua, kwa kuwa ndani hakuna upepo wala nyuki, na ua la pilipili hujichavusha lenyewe likitikiswa kidogo.

Kuhusu kifaa chenyewe: haina kelele, mgongo wake unapata joto la kuvumilika, kitufe cha kupunguza mwanga kinafanya kazi. Nyaya za kuning'inizia ni dhaifu, mojawapo imeniteleza usiku na kuiinamisha taa upande, nimezibadilisha na kamba. Adapta ni ya kuiweka mbali na maji, kifuniko chake hakibani vizuri.

Ningeinunua tena kwa mche mmoja mkubwa au miwili iliyobanana, si zaidi. Muuzaji nilimwandikia kuhusu ule mchoro, akanijibu kwamba miche tisa ni ya "hatua ya miche". Yaani ikiwa bado na urefu wa kidole. Kwa sasa chungu cha kulia nimekihamishia dirishani, na viwili vilivyobaki vimepata nafasi. Juzi nimehesabu pilipili kumi na nne kwenye kile cha kushoto, kile kile kilichokuwa kinainama.